Picha ya Shikamoo

Sentensi ya kwanza kaka yangu kuiandika maishani mwake ilinihusu mimi, na haikuwa ya kunisifia. Aliandika: "Dada ongea sana." Alikuwa ameshavuka miaka thelathini, ndevu zimemjaa, amekaa kwenye kiti mwendo chake, kishikwambi mapajani, pembeni ya nyumba yetu pale Nangwa. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya bega lake nikimwelekeza: bonyeza hapa, bonyeza pale, hapana siyo hapo, ngoja nikushike mkono. Akabonyeza picha yangu. Akabonyeza picha ya mdomo. Akabonyeza picha ya lundo la vitu, ile inayosema "sana". Kisha akageuza macho akaniangalia, akaanza kucheka kile kicheko chake cha kutikisa kiti kizima.

Jamani, nilipiga ukelele mpaka kuku wakatawanyika. Mama akatoka jikoni mbio na mwiko mkononi akidhani kaka ameanguka. Nikamwonyesha. Mama husoma taratibu, kwa hiyo aliyafuata maneno kwa ncha ya mwiko, moja baada ya jingine, kisha akakaa kwenye kuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Kweli kabisa," akasema. "Mwanangu leo kasema kweli kabisa." Nikanuna, lakini ilikuwa kununa kwa uongo. Furaha niliyokuwa nayo siku ile ilikuwa ya kichaa.

Kaka ni mzaliwa wa kwanza, mimi ni wa pili, na tupo wawili tu. Alizaliwa mwili umekakamaa. Miguu haimbebi, mikono inakwenda inakotaka yenyewe isipokuwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto kinachomtii, na ulimi wake hautoi neno. Akili yake ni nzima, tena kali. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Akiinua macho ni ndiyo, akiyafumba ni hapana, na mengine yote nilibahatisha. Tena nilibahatisha kwa kasi ya ajabu. Unataka maji? Unataka kugeuzwa? Jua? Nzi? Redio? Watu walisema nina kipaji, na mimi kichwa kikavimba, nikaamini hakuna lililomo moyoni mwa kaka nisilolijua.

Kifaa chenyewe tulikipata kupitia mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke aliyehamishiwa huku kwetu kutoka Lindi. Baridi ya mlima Hanang ilimtesa vibaya. Alivaa sweta mbili juu ya gauni, hijabu juu yake, na bado akaomba akae karibu na jiko. Alianza kumletea kaka ubao wa picha za kukata na kubandika, kisha akafika na kishikwambi. Ukibonyeza picha, neno lake linajiandika juu kwenye mstari. Ukibonyeza nyingine, linafuata jingine, mpaka sentensi inakamilika. Ukitaka, kuna sauti inayoisoma.

Sauti hiyo tuliisikia mara moja tu. Ilikuwa ya mwanamke mchangamfu, ndugu wa yule anayekwambia kwenye simu kwamba salio lako halitoshi. Kaka, na ndevu zake zile, alisikia akisemewa "nataka chai" kwa sauti ya binti wa mapokezi, akakunja uso kama amelambishwa mwarobaini. Alifumba macho na hakuyafumbua mpaka sauti ilipozimwa. Tangu hapo akawa mtu wa maandishi tu: yeye anaandika, wewe unasoma.

Herufi pia alizijua. Nilipoanza darasa la kwanza nilikuwa nikirudi nyumbani namfundisha yote niliyofundishwa, mwalimu mkali kupita wa shuleni. Kishikwambi kina ukurasa wa herufi, lakini kaka aliuchukia. Viboksi vyake ni vidogo, kidole kinatetemeka, na kila herufi ni vita. Isitoshe, ukiandika herufi moja tu chenyewe kinakimbilia kukumalizia neno. Weka M, kinakuletea mama, maji, mahindi. Nilimwambia yule mtaalamu kwamba kitu hiki na mimi lazima ni ndugu wa damu.

Picha zilizokuja nacho zilikuwa za kwao huko zilikotengenezwa. Nyumba ina bomba la moshi kwenye paa. Ng'ombe hana nundu, ana mabaka meusi na meupe na kengele shingoni. Picha ya "mzee" ilikuwa babu aliyevaa kaptula, ameshika mbwa mdogo kwa kamba. Kaka aliitazama sana ile, akatazama nje wanakopita wazee wetu na makoti yao na fimbo zao, akanitazama mimi. Hatukuhitaji kuambizana kitu, tulicheka wote.

Bahati nzuri mimi nafanya kazi steshenari, pale Katesh mjini. Kutoa kopi, kuchapa barua, kupiga picha za pasipoti, ndiyo mkate wangu. Basi nikaanza kuzing'oa zile picha za ugenini moja moja na kuweka zetu. Ng'ombe wetu mwenyewe, na nundu yake. Ugali wa mama. Mlima ukiwa na wingu na mlima ukiwa hauna, kwa sababu kaka alidai hayo ni maneno mawili tofauti. Mnada. Kanisa. Kila jioni nilipotoka kazini nilikuta ameshanisubiri, na kila jioni alinitolea jipya.

Yalivyokuwa yanatoka! "Kabichi hapana." Mama akaduwaa. "Lakini mbona miaka yote unakula unamaliza?" Kaka akabonyeza picha moja: "Njaa." Nikafahamu pia kwamba zile kwaya nilizomwekea redioni kila Jumamosi, nikimfunika blanketi na kumwambia tulia kaka usikilize nyimbo zako, hazikuwa nyimbo zake hata kidogo. Alitaka mpira. Miaka yote hiyo mpira ulikuwa unachezwa kwenye stesheni ya pili! Nilimwuliza kwa nini hakufumba macho akakataa. Akaandika: "Dada furaha." Yaani aliniachia nifurahi mimi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, nikarudi nikambadilishia stesheni.

Katikati ya raha hiyo mimi nikaposwa. Mchumba wangu ni mkulima wa vitunguu saumu wa Nambis, upande wa Mbulu. Nilimpata pale dukani alipokuja kutoa kopi, na harufu ya vitunguu ikabaki kaunta nzima mpaka tulipofunga. Nilipenda, sisemi uongo. Nilipenda mpaka nikawa nachapa barua za watu nakosea majina. Barua ya posa ikaletwa, mahari ikazungumzwa na wazee, siku ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti kwao, ikapangwa. Hapo ndipo ngoma ilipoanza.

Ukoo wetu una utaratibu wake. Kadi ziwepo, keki iwepo, muziki ulie upendavyo, lakini binti hajatoka mpaka mwanamume mwenye nyumba aseme mbele ya pande zote mbili, kwa maneno yake, kwamba anamtoa. Kabla ya hapo watu wa bwana harusi hawagusi hata soda. Baba yetu alishatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo kila mtu, bila kuulizana, alijua nitatolewa na baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu baba. Hata mimi nilijua hivyo. Aliyekuwa hajui ni kaka.

Kikao cha familia kilikaa nyumbani siku ya Jumapili baada ya ibada. Baba mdogo ni mtu wa koti, jua liwake lisiwake, na sauti yake ikiingia sebuleni vikombe vinasikia. Tulikuwa tumeshafika kwenye idadi ya sahani kaka alipoanza kugonga mkono wa kiti chake. Nikamwendea. Alitaka kuandika, na alikuwa amejipanga: kwanza salamu, kisha jambo lake. Mstari ukajaa nami nikausoma kwa sauti, kwa bashasha zote, kabla sijafikiri. "Habari, baba mdogo. Kaka toa dada."

Mungu wangu! Kumwambia "habari" ndugu wa baba yako, tena kikaoni, bila shikamoo kutangulia, kwetu ni afadhali umkanyage mguu. Na kaka hakuwa na la kufanya, kwa sababu salamu iliyokuja na kishikwambi ilikuwa mkono unaopunga, na neno lake ni hilo. Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Anayetaka kusimama mahali pa baba yake," akasema, "hajui hata kuamkia?"

"Siyo kwamba hajui, baba mdogo," nikarukia. "Picha yake haipo."

"Basi ikipatikana tutaongea. Kwetu binti anatolewa na mtu mzima." Akachukua kikombe chake akaendelea na chai.

Wageni walipoondoka kaka hakucheka. Nilimletea mzaha wa kila aina, thubutu! Mwisho akaandika: "Mimi mtoto hapana." Nikaelewa vizuri sana. Kila shughuli inapotokea kaka anawekwa kwenye kundi la watoto, anapewa soda na biskuti, na vijana wadogo kwake kabisa wanapita wakimgusa kichwani, mambo vipi. Kama mtu mwingine angesimama kunitoa mimi, nyumbani kwa baba yake, yeye mzaliwa wa kwanza akiwa amekaa pale pale anatazama, basi angebaki kuwa mtoto mpaka anazikwa. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto. Nikamwambia kaka, hapa sitoki mpaka unitoe wewe. Nikamwambia pia mchumba wangu kwa simu. Akasema sawa, ila nifanye haraka kwa sababu vitunguu vinakaribia kuvunwa.

Sasa niambie wewe, shikamoo inafananaje? Mkono wa kupunga umeshatuponza. Nilimpiga picha binamu yetu akiwa ameinama kwa adabu, kaka akaitazama akaandika, "Tumbo uma." Na kweli, alifanana na mtu aliyebanwa. Mtaalamu akachora, tukacheka, akachora tena, tukacheka zaidi. Ndipo nikapata wazo ambalo wakati ule niliona ni la akili sana. Shikamoo ni ya nani? Ya mzee. Basi tuweke mzee! Nikaenda kwa jirani yetu, katekista mstaafu, mtu anayeheshimika kijiji kizima, nikampiga picha mlangoni kwake amevaa kofia. Nikaiweka. Ukiibonyeza, inaandika "Shikamoo".

Ilifanya kazi siku moja. Siku ya pili nilimpeleka kaka Katesh sokoni, tukakutana na mzee mmoja tunayemfahamu, kaka akabonyeza kwa madaha. Mzee akainama aone. Akaona uso wa katekista. "Huyu ndiye shikamoo?" akauliza. "Nani kamchagua?" Nikaeleza kwamba ni mfano tu, mzee wangu. Akasema, "Mfano wa nani? Mimi nilikuwepo akibatizwa!"

Sijui habari ilipita njia gani, ila kesho yake nilipofungua duka nilimkuta mzee ameketi barazani, koti limepigwa pasi, na tai. Anataka picha ya shikamoo. Hajamaliza kukaa sawa, akaingia mwingine, huyu kaja na rika lake kama shahidi wa umri. Mwingine akataka fimbo yake ionekane yote mpaka chini. Mwingine akauliza kama kilema chake cha jicho kitafichwa. Mwenye duka alidhani ni mafao ya wastaafu yametoka, akaniletea bunda la karatasi. Na katekista mwenyewe, weee, alikuwa hashikiki! Alitembea Nangwa nzima akiwaambia watu, "Mmesikia? Shikamoo ni mimi." Nilicheka siku hiyo mpaka nikatoa kopi za cheti cha mtu kichwa chini.

Kicheko kikanikauka jioni, mama aliponiambia baba mdogo alipita. Hakukaa. Aliuliza swali moja tu akiwa amesimama: "Hivi mimi ni mdogo kuliko yule katekista?" Nikashika kichwa. Nilikuwa nimetafuta picha ya kumpoza baba mdogo, nikaweka sura ya mtu mwingine!

Aliyetutoa pale ni kaka. Nilikuwa nazunguka uani nikijilaumu kwa sauti, napanga kuweka picha kumi, kuzibadilisha kila wiki, kwenda kuomba radhi nyumba kwa nyumba. Akagonga kiti. Akaandika: "Wazee wote. Picha moja." Nikasimama. Akaongeza: "Dada nyamaza."

Jumapili iliyofuata, ibada ilipokwisha, tuliwapanga wazee kwenye ngazi za kanisa. Nani akae mbele, nani asimame, nani alizaliwa kabla ya njaa ipi, ilikuwa kazi nzito kuliko mahubiri. Mtaalamu, ambaye hata si wa kanisa letu, alikuja na sweta zake mbili kushika kamera ili mimi niwe wa kusukuma na kubembeleza. Kaka alikuwa mbele yao wote kwenye kiti mwendo akiongoza kwa maandishi. "Kofia toa." Wakatoa. "Baba mdogo kati." Wakasogea. Baba mdogo akapita katikati yao, akafunga vifungo vyote vya koti. Hakuna aliyetabasamu, maana shikamoo si jambo la kuchekacheka. Nikaiingiza picha pale pale ngazini, nikaiandikia neno lake, nikampa kaka.

Alikisogeza kidole taratibu. Baba mdogo alikuwa ameshuka, yuko mbele yake, akainama kusoma. Nilifungua mdomo nimsomee, nikaufunga. Akasoma mwenyewe. Kisha akasema, kwa sauti ambayo sikujua kama anayo, "Marahaba, mwanangu." Akajifanya kukohoa. Akanigeukia mimi kwa ukali kama nimemkosea: "Sawa. Atasema yeye. Lakini nitakaa jirani na maiki. Akikwama, namalizia mimi. Sitaki aibu mbele ya watu wa Mbulu."

Sherehe ilikuwa Katesh, mchana, ukumbi umejaa mpaka mlangoni. Watu wa Nambis walikuja na basi dogo na bado, nakuapia, ukumbi ukanukia vitunguu. Nilikuwa nimevaa gauni la kijani lenye mkia, nimepakwa usoni mpaka kaka aliponiona akaandika, "Nani?" Yeye alivaa suti ya marehemu baba, imepunguzwa na fundi. Kishikwambi kilifungwa kwenye kibao mbele ya kiti chake, na waya ukapelekwa kwenye projekta, ili kila anachoandika kionekane ukutani, kikubwa, kwa wote. Hilo lilikuwa wazo la mtaalamu. Wanaojua kusoma wawasomee wasiojua.

Mshereheshaji akatangaza, muziki ukazimwa, kaka akasukumwa mbele. Baba mdogo akasimama hatua chache pembeni, maiki kifuani. Ukutani ikatokea picha ya wazee kwenye ngazi. Wazee wenyewe, waliokuwa meza za mbele, wakajiona, wakaanza kuonyeshana. "Shikamoo!" ukumbi ukasoma kwa pamoja, kwa ile sauti ya darasa la kwanza, na vigelegele vikapasuka.

Kaka akaendelea. "Mimi." Ukumbi: "Mimiii!" "Kaka." Ukumbi: "Kakaaa!" Kidole kikiwa bado hewani mshereheshaji akashindwa kujizuia, akapaza sauti, "Mimi kaka nina furaha!" Ukumbi ukadakia, "Nina furahaaa!" Kaka akafumba macho. Akafuta. Akaanza upya: "Mimi kaka." "Nawashukuru wageni!" akapiga kelele mjomba mmoja. "Nampenda dada yangu!" wakasema akina shangazi. Kwa kweli walifurahi tu, walikuwa wanamsaidia kwa moyo mweupe, lakini ukumbi wote uligeuka mimi. Kila mtu alikuwa anabahatisha. Kaka akafuta tena. Shingo ikaanza kumkakamaa, na nikiona shingo imekakamaa najua mkono utafuata, na mkono ukienda, kidole hakitamtii tena siku hiyo. Baba mdogo akapandisha maiki mpaka kidevuni. Nilikuwa meza ya juu, bibi harusi haruhusiwi kunyanyuka, nikajikaza kisabuni.

Kaka akavuta pumzi. Akatafuta. Ukutani ikaja picha ya kidole juu ya midomo, kubwa kama mlango. "Nyamaza."

Ukumbi ukanyamaza. Mshereheshaji akarudi nyuma.

Ndipo akaandika anachotaka, neno kwa neno, na safari hii walisoma baada yake, siyo kabla. "Mimi mwenye nyumba." Wakasoma. "Baba hayupo. Mimi nipo." Wakasoma, na mama akajifunika uso kwa kitenge. "Dada jua kupika hapana." Hapo ukumbi ulipasuka, mashemeji wa Nambis walipiga meza, na mimi nilitafuta pa kuingia chini ya kitambaa. "Rudisha hapana," akaongeza, yaani hata hivyo msije mkamrudisha. Akangoja vicheko vitulie. Kisha akabonyeza picha yangu, ile ya pasipoti niliyojipiga mwenyewe dukani, akaitazama kabla ya kuendelea. "Dada. Natoa. Chukua."

Nilikuwa nimetoka. Hivyo tu! Baba mdogo akashusha maiki, akaikabidhi kwa mtu wa muziki bila kumwangalia. Nilikuwa nacheka na kulia na rangi zote za usoni zinashuka.

Tulidhani imekwisha. Lakini upande wa Nambis wazee walikuwa wananong'onezana, na mchumba wangu akasimama peke yake. Akamwacha msimamizi wake, akapita katikati ya ukumbi, akaenda mpaka mbele ya kiti mwendo. Aliyemtoa binti ndiye baba mkwe, na baba mkwe haachwi bila kuamkiwa. Akainama, mikono magotini. "Shikamoo, mzee."

Kaka alikuwa hajawahi kuambiwa neno hilo na mtu yeyote. Kidole kikapanda, kikabaki juu. Ukutani tuliona ukurasa wa salamu: shikamoo, habari, karibu, asante, kwaheri. Akafungua ukurasa mwingine. Akarudi. Nikamwona anatafuta, na mimi niliyeweka kila picha kwenye kile kifaa nikajua hataipata. Haikuwepo. Tulihangaika wiki nzima na picha ya shikamoo, wazee wakagombana, kijiji kikacheka, na hakuna hata mmoja wetu, si mimi, si mama, si mtaalamu, aliyewahi kufikiri kwamba kuna siku mtu ataamkia upande wa kaka.

Akafungua ukurasa wa herufi.

Akaweka M. Kifaa kikamletea mama, maji, mahindi. Akavipita. Akaweka A. Kila mtu ndani ya ukumbi ule alilijua neno linalokuja, hata watoto, hata wapishi waliotoka jikoni kuchungulia. R ilimshinda mara ya kwanza, kidole kikaangukia T, akafuta, akarudi. Mshereheshaji alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili. Baba mdogo alitazama chini. Mimi nilikula rangi yangu yote ya mdomo. Mchumba wangu alikuwa ameinama, jasho linamtoka, hajatikisika. A. H. Kidole kikapumzika kwenye kibao, kikapanda tena. Sijawahi kunyamaza kwa muda mrefu hivyo, na sijawahi kunyamaza kwa raha hivyo.

A ya mwisho ilipokaa mahali pake hakuna aliyetoa sauti. Alikuwa ametukataza, na sisi tumetii. Kaka akautazama ukuta, akatutazama, akangoja. Bado kimya. Akarudi kwenye picha, akabonyeza mtu mwenye kitabu: "Soma."

"MARAHABA!" Ukumbi mzima, wa Nangwa na wa Nambis, wazee, wapishi, mtaalamu na sweta zake, baba mdogo bila maiki, na mimi bibi harusi nikamwitikia mume wangu mtarajiwa marahaba kwa sauti kuliko wote. Yeye akainua uso kidogo, akamwuliza kaka kama sasa anaweza kunyanyuka. Kaka akamwacha angoje kwanza.